Presha ya Mchi

Watu wananiuliza kama hizi saa janja zitashika soko huku kwetu. Wananiuliza mimi, mwalimu mstaafu wa Ngokolo, kwa sababu wanajua nina mdomo na wanataka kunisikia nikisema hazitafika mbali. Pole yao. Zitashika, tena zitashika kuliko ndoo za plastiki. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimeshaona watu wa mkoa huu wakivaa miwani ya jua usiku, na wengine wakitembea na simu ya laini nne ilhali hawana hata mtu mmoja wa kumpigia. Watashindwaje kununua kitu cha kuwaambia kwamba wao ni wazima?

Jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba, na siku hizi mikono iliyoshika rozari inawaka kama mapambo ya Noeli. Tukifika kwenye matendo ya uchungu, mkono mmoja unatetemeka. Mwenye mkono anachungulia kwa uso wa mtu aliyepokea ujumbe kutoka Ikulu, kumbe ni kampuni ya simu inamkumbusha kwamba bando limeisha. Jirani yangu mmoja hukaa kwenye kiti akirusharusha mkono hewani ili saa idhani anatembea. Mama huyo ana shamba la mpunga nje ya mji, na amelikodisha kwa sababu anasema ni mbali kwenda kwa miguu. Bibi yangu alikuwa akienda mnadani Mhunze na kurudi na mzigo kichwani, wala hakuwahi kudai pongezi kutoka kwenye mkono wake mwenyewe.

Ningewacheka hivyo hivyo mpaka leo na kuwaacha na mapambo yao. Lakini kitu hicho kikaingia mkononi mwa mdogo wangu.

Mdogo wangu anaishi Ushirombo na ana duara huko porini, yaani shimo la dhahabu ambalo yeye ndiye mmiliki na vijana ndio wanaoshuka. Duara likitema dhahabu, anavaa kofia ya ngozi na kusalimia watu kwa kidole kimoja. Lisipotema, anakuwa Mkristo mzuri sana. Nampenda kuliko ninavyoweza kusema, na mapenzi hayo hayajawahi kunifumba macho. Ana presha. Kairithi kwa mama yetu, ambaye asubuhi moja alitoka kuwamwagia kuku mtama, akaanguka pale pale uani, na hakutamka neno jingine mpaka tukamzika. Mdogo wangu ndiye aliyemwinua. Kwa hiyo daktari alipomwandikia vidonge vya kumeza kila siku, sikudhani kama kuna atakayehitaji kumbembeleza.

Halafu mke wake akanipigia simu.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

"Wifi, huyu mdogo wako ameacha dawa."

"Ameacha kwa nini?"

"Anasema saa imemwambia amepona. Kila asubuhi inamwonyesha moja ishirini kwa themanini. Anasema vidonge ni vya watu wasiojijua hali zao."

"Na kichwa kile?"

"Kinamuuma. Anasema ni vumbi la karasha."

Karasha ni mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na kweli ina vumbi. Lakini mama yetu hakuwahi kuiona karasha maishani mwake, na kichwa kilimuuma hivyo hivyo.

Safari ya Ushirombo nilikuwa nayo hata bila simu ile, maana wakwe walikuwa wanaleta mahari ya binti yake na mimi ndiye shangazi. Mdogo wangu alinipokea stendi ya Kahama, alikokuja kununua soda za wageni. Alikuwa amenenepa shingo na macho yake yalikuwa mekundu. Kabla sijamaliza kumuuliza habari za nyumbani, alikunja mkono wa shati na kunionyesha kitu cheusi kama kigae, chenye kioo. Kisha akanipeleka kwa muuzaji wake, kwa kuwa mkanda ulikuwa umelegea.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu za biashara, zile zinazoanza na shikamoo na kuishia mfukoni mwako.

"Mama, hii inapima presha, mapigo ya moyo, usingizi, sukari, na hasira."

"Sukari inapima bila kutoa damu?"

"Mama, hii ni teknolojia."

"Na hasira yangu sasa hivi inasemaje?"

Alicheka, akanivika moja. Ikasema nimetulia. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba masikio yalikuwa yanapiga kelele, na mashine ile ikanichorea ua la kijani. Kijana akaniambia kwamba baada ya muda mfupi hapatakuwa na mtu Kahama nzima asiyekuwa nayo, na kwamba wachimbaji ndio wateja wake wakubwa. Hilo sikulitilia shaka. Mchimbaji ni mtu aliyezoea kufunga kitu mkononi kisha akaamini. Zamani alifungiwa na mganga, kitambaa cheusi chenye mizizi ndani, na aliambiwa shimo halitamwangukia. Sasa anafungiwa na muuzaji wa simu. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba dawa ya mganga haihitaji chaji.

"Dada, wewe unapinga kila kitu," mdogo wangu aliniambia tukiwa njiani. "Wenzetu wameshaacha kupanga foleni zahanati. Mimi najipima nikiwa nakunywa chai."

"Na dawa?"

"Dawa ya nini wakati presha haipo?"

Nilimtazama kwa pembeni jinsi alivyokuwa akipumua kwa mdomo. Nilikuwa na hasira naye, na chini ya hasira ile kulikuwa na hofu ambayo sikutaka aione.

Kesho yake wakwe wakafika kutoka Mhunze, wamejaa vumbi na heshima. Msemaji wao alikuwa mzee mfupi mwenye sauti kubwa. "Mwangaluka!" alisema mlangoni, nasi tukaitikia, na salamu zikaendelea vile Wasukuma tunavyosalimiana, mpaka ng'ombe, mvua na mazao vyote vimeulizwa hali. Tukawapa chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Hapo ndipo mdogo wangu, badala ya kuwaacha watu wanywe chai, akavua saa na kuanza kuipitisha ili wageni wapimwe.

Ilikuwa aibu kutazama. Wazee wazima, watu waliokuja kuzungumza ng'ombe na ukoo, wakanyoosha mikono kwa zamu kama watoto wanaochanjwa. Mzee mwembamba mwenye kikohozi alipata mia na ishirini kwa themanini. Mzee mnene aliyeshindwa kupanda ngazi mbili za baraza alipata hiyo hiyo, pungufu kidogo. Kila aliyepimwa alishangiliwa. Nikaona nyumba imejaa watu wenye presha moja, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza imekuwaje.

Nikaichukua saa nikaifunga kwenye kiazi.

Ikafikiri kidogo, ikawasha taa yake ya kijani, kisha ikatoa jibu: mia moja kumi na tisa kwa sabini na nane. Nikakiinua kiazi ili wote waone. Nilidhani nimemaliza kazi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, maana yule msemaji alikitazama kiazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kunishukuru, "Wabeja, shangazi. Kumbe ni nzuri hivyo?"

"Nzuri vipi, mzee? Hiki ni kiazi!"

"Kiazi ni kiumbe. Ukikifukia si kinaota? Sasa kitaotaje kama hakina uhai?"

"Kimechemshwa!"

"Kimechemshwa leo," alisema kwa upole, kama anamfundisha mtoto. Na wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, kiazi si jiwe.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi na sijawahi kushindwa vile. Nikaondoka na saa ile mpaka uani, nikaifunga kwenye mchi. Mchi wa mninga, uliokatwa kabla yule binti anayeposwa hajazaliwa, na ambao umetwanga mtama na mpunga mpaka kichwa kimepinda. Nikaubeba hadi sebuleni, nikausimamisha katikati ya wakwe. Presha ya mchi ilikuwa mia na ishirini kwa themanini. Ulikuwa na afya kuliko sisi sote.

Safari hii msemaji aliweka kikombe chini na kuukodolea macho. Wifi yangu, aliyekuwa amepiga magoti akikusanya vikombe, aliinua uso akamtazama mume wake. Mwanamke wa nyumba haumbui mume wake mbele ya wakwe. Lakini macho yake yalikuwa yanaomba, na mimi niliyaona.

"Mchi umeshikwashikwa tangu alfajiri," mdogo wangu alisema. "Una joto la mikono."

Basi wakacheka. Mmoja akauliza kama inaweza kuonyesha mchi ulilala saa ngapi. Mdogo wangu alicheka kuliko wote, akaivaa tena saa yake na kuukaza mkanda, na mshipa wa kwenye paji lake ulikuwa umevimba.

Mazungumzo ya mahari yakaenda vizuri. Ng'ombe walikubaliwa, mambo ya kanisani yakapangwa, na mwisho zikaletwa zawadi za akina mama. Kwetu shangazi si pambo. Baba ana sauti, lakini shangazi asipopokea kilicho chake, binti hatoki, na kila kilichosemwa tangu asubuhi kinakuwa maneno ya kupitisha muda. Yule msemaji akasimama mbele yangu na blanketi jipya na doti ya khanga, amevishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

Nikaiacha mikono yangu mapajani.

"Sipokei," nikasema.

Msemaji akadhani blanketi ni jepesi, akaanza kuomba radhi.

"Blanketi ni zuri, mzee wangu, na kijana wenu hana kosa. Nitapokea baba wa binti akishapimwa presha. Zahanati iko hapo nyuma ya soko. Apimwe na muuguzi, arudi, nitapokea na vigelegele nitapiga."

"Dada, usiniaibishe mbele ya wakwe," mdogo wangu alisema kwa sauti ya chini.

"Umejiaibisha mwenyewe. Una presha moja na mchi."

Alinitazama kwa chuki ya kweli, na sikuinamisha macho. Ningekubali anichukie mpaka kufa kwangu. Wakati huo nilikuwa namwona mama amelala kwenye mtama, kuku wakimzunguka, na sikuwa tayari kuliona jambo hilo mara ya pili. Aliyetuokoa ni yule mzee mfupi. Alishusha pumzi, akasema, "Mkwe, nenda tu. Sisi hatuwezi kurudi Mhunze na blanketi la shangazi. Tutasema nini nyumbani?"

Akaenda, kwa hasira. Alitembea mbele yangu sokoni akisalimia watu kwa sauti ili wasidhani anapelekwa. Aliniambia anakwenda kwa sababu moja tu, nayo ni kunionyesha kwamba mimi ni mshamba.

Muuguzi alikuwa binti mpole. "Shikamoo baba," alisema, akamkalisha kwenye benchi.

"Marahaba. Fanya haraka, nina wageni. Utakuta moja ishirini kwa themanini."

Binti akamfunga kitambaa cha kipimo kwenye mkono usio na saa, akapampu, akaachia hewa polepole huku akitazama mshale wa kipimo. Akapampu tena. Kisha akahamia mkono wa pili, juu ya saa, akarudia. Aliandika kitu kwenye daftari, akakifunika kwa kiganja.

"Haya, sema basi," mdogo wangu akamwambia. "Mwambie na dada."

"Subiri kidogo, baba."

Wakati anasubiri, saa ikatetemeka. Kwenye kioo akatokea mtu mdogo wa kuchorwa, anainua mikono na kuruka, kumkumbusha mwenye saa kwamba amekaa muda mrefu na ni vizuri ainuke atembee. Na mdogo wangu, mjinga wangu, mtoto wa mama yangu, akaweka viganja kwenye benchi ili ainuke.

Muuguzi akamshika bega. "Usisimame, baba. Usisimame kabisa." Akageuka na kumwita mwenzake aandae kitanda haraka. Kisha akainama, akamuuliza taratibu, "Umekuja na nani?"

Mdogo wangu hakuitazama saa. Alinitafuta mimi kwa macho, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale karibu naye.

"Na dada," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Nikajua ameogopa, nami nikaogopa pamoja naye.