Kiputo Ndani ya Kartushi

Nilikuwa nimefanya kazi ya labo ya hospitali miaka ishirini na miwili nilipoandika uongo katika rejista kwa mara ya kwanza. Yalikuwa maneno mawili tu: "Imefika mbovu."

Kilichofika kilikuwa kartushi, kibao cha plastiki na kioo kinachoenea kiganjani. Huingizwa katika mashine ndogo inayosoma ADN, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe. Sisi tulikuwa tunasoma ADN ya vijidudu vya kipindupindu, kutoka kwa wagonjwa wa hapa Kalemie na wa vijiji vya ufuoni mwa ziwa upande wa Kabimba, tujue kama ugonjwa wa huku na wa kule ni mmoja. Ndani ya kartushi mna mfereji ambao kina chake ni kama unene wa ukucha, na sakafuni mwake kuna matundu yasiyoonekana kwa macho. ADN husomwa ikipita humo. Mfereji hujazwa maji maalumu yanayotunzwa baridi kwenye frigo, kwani matundu hayo hayatakiwi kukauka hata kidogo. Kiputo kimoja cha hewa kikipita juu yake, yanakufa, basi.

Kiputo cha kwanza nilikipitisha mimi. Nilibonyeza pipeti, kile kibomba cha kunyonya na kutia maji, mpaka mwisho kabisa, nikasukuma na hewa iliyobaki nchani. Kwenye kompyuta vijisanduku vya kijani, kimoja kwa kila tundu lililo hai, vikazimika safu kwa safu. Mama daktari, mkuu wa labo yetu, alikuwa mkutanoni. Mimi ndiye niliyekuwa naitwa kutoa damu mshipa wa mtoto ukikosekana, kwa sababu mkono wangu hautetemeki, na kila mtu alilijua hilo. Nikachukua kalamu.

Kartushi ya pili niliijaza polepole, pumzi nimeibana. Ikafa vilevile. Ya tatu pia. Sikuelewa kwa nini, lakini nilikuwa na maneno tayari, nikayaandika tena.

Kiwanda kinachotengeneza kartushi kilipopata ripoti zetu kilimtuma injenieri, mwanamke kijana aliyeuchora ule mfereji kwa mkono wake. Alizaliwa Kabalo, akaondoka angali mdogo, na pale Kiswahili chake kilipokatika alikiunga kwa Kifaransa, ila "njo" yetu, yaani "ndiyo", hakuisahau. Siku mbili alikagua masanduku yaliyoleta kartushi: kifaa cha kupima joto kilichosafiri pamoja nayo, karatasi za kufungia, kingo za kioo chini ya darubini. Siku ya tatu asubuhi akaja kukaa karibu yangu, akiniita Papa kama baba wa makamo anavyoitwa huku.

"Papa, sanduku haina shida. Joto ya njiani njo ya kawaida. Labda kioo ni laini sana, inapasuka ndani bila sisi kuona."

Akafungua daftari, akaanza kuchora kartushi yenye kuta nene zaidi. Nilimtazama akichora. Ningeweza kunyamaza, angepanda ndege kesho yake na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa anatengeneza kitu ambacho hakikuharibika, na alikuwa anakitengeneza kwa makini sana.

"Usichore ile," nilimwambia. "Hazikufika mbovu. Njo mimi niliharibu."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Mbona haukusema, Papa?"

"Nilisikia haya."

Alifunika kalamu yake. Nilidhani atainuka kwenda kumwita Mama daktari. Badala yake alichukua kartushi moja iliyokufa, akaiweka mbele yangu. "Unionyeshe. Vilevile ulifanya, usibadilishe kitu."

Tukatia rangi ya buluu katika maji ya frigo ili tuyaone yakipita. Kwanza nilibonyeza pipeti mpaka mwisho, na kiputo kikaingia mbele ya macho yetu. Akatikisa kichwa, akaandika. Kisha nikarudia kwa uangalifu, kama nilivyofanya mara ya pili na ya tatu. Maji yalipita safi. Umeme unaotoka mitambo ya Bendera ulikuwa umekatika tangu asubuhi, feni imesimama, na jasho lilikuwa linatutoka wote wawili. Tukangoja. Baada ya dakika chache, kwenye kona ambapo mfereji unakata kushoto, vikazaliwa viputo vidogo kama mayai ya dagaa. Vikaungana kuwa kimoja, nacho kikateleza juu ya matundu.

Aliinamisha uso karibu na kioo. "Hii haikutoka kwa mukono yako."

"Inatoka wapi?"

"Kwa maji yenyewe. Maji ya baridi inabeba hewa, ikipata joto inaiachilia. Kule kwetu kiwandani chumba njo ya baridi saa zote, hatukuiona. Na hii kona niliichora kali sana. Hewa inakamatwa pale, inakuwa kubwa." Aliitia kona ile duara katika daftari. "Ile ya kwanza njo yako, Papa. Mbili ni zangu."

Sikufurahi. Niliwaza kwamba ningesema ukweli baada ya ile ya kwanza, huenda ya tatu isingekufa, na sampuli za wagonjwa zisingelala majuma yote yale.

Mchana huo nilimwambia Mama daktari mwenyewe. Alinipa kalamu nyekundu, nikakata mistari yangu mitatu, nikaandika ukweli pembeni na kutia sahihi.

"Mimi sikasirikii kiputo," alisema. Akaniondoa kwenye mashine, akanirudisha kwenye vioo vya malaria, kutazama matone ya damu kwa darubini. Kiti changu akapewa mwenzangu, mama mmoja niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe.

Kartushi mpya zilikuja baada ya miezi kadhaa. Kona ilikuwa imegeuka kuwa mpindo wa mviringo, na kabla ya matundu palikuwa na kijifuko cha pembeni. Karatasi ya maelezo ilisema maji yatolewe kwenye frigo mapema, yazoee joto la chumba. Mwenzangu aliniita nione. Nilisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Kiputo kimoja kilitokea, kikasogea, kikaingia katika kijifuko na kukaa humo. Vijisanduku vya kijani havikuzimika.

Majibu yalitoka siku mbili baadaye: vijidudu vya vijiji vya ufuoni na vya kwetu vilikuwa ukoo mmoja. Mama daktari aliyatuma kwa idara ya afya siku ileile. Mimi nilikuwa na vioo kumi na viwili vya malaria mezani, vingi vya watoto, na mama zao walikuwa wanangoja nje kwenye benchi.