Weupe wa Bibi Harusi

Mwaka 1999 haikupita harusi ya maana mjini Dodoma ambayo Shaibu hakuipiga video. Kamera yake ilikuwa ndogo, ya aina ile watu wanayonunua kurekodia watoto wao nyumbani, lakini aliibeba kwa madaha utadhani ametumwa na kituo cha televisheni. Chumba chake cha kazi kilikuwa na deki mbili za video, mashine ya kurekebishia rangi yenye nobu tatu, na televisheni kuukuu. Kina mama walikuja na ombi lile lile, tena bila haya: "Mwanangu, bibi harusi umtie weupe kidogo." Naye huzungusha nobu ya mwanga, jicho kwenye televisheni yake, mpaka bibi harusi ang'ae.

Televisheni hiyo ndiyo iliyomponza. Mwishoni mwa Oktoba ilizima kabisa, akamwita fundi Athuman. Athuman aliifungua mgongo, akapuliza vumbi, akabadilisha kifaa kimoja, akaiwasha. Chumba kizima kikajaa mwanga.

"Hii ilishafifia siku nyingi, Shaibu," alisema. "Ulikuwa unaonaje humu?"

Fundi alipotoka tu, Shaibu alichomeka mkanda wa kwanza aliouona rafuni, nao, kwa nuksi yake, ulikuwa wa Penina.

Penina alikuwa binti wa Mzee Mazengo, karani mstaafu wa Chamwino. Aliolewa Agosti, na kabla hajarudi kuchukua mkanda wake, malaria ikamuua huko huko ukweni, wiki ya tano ya ndoa. Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa arobaini yake. Wazazi walishatuma salamu: Shaibu awapelekee mkanda, ndugu wamwone mtoto wao akitembea.

Kwenye kioo, gauni, ukuta wa kanisa na uso wa Penina vilikuwa kitu kimoja cheupe. Katikati yake zilielea nyusi mbili na midomo myekundu. Shaibu alishusha mwanga haraka. Uso ukawa wa kijivu kama majivu ya jikoni, lakini pua haikurudi, wala mashavu. Sababu aliijua, na ndiyo iliyomkata maini. Mwanga ukizidishwa mpaka picha iungue, kinachorekodiwa ni weupe mtupu. Ukiupunguza baadaye, unapata weupe uliochafuka. Dawa ni mkanda wa kamera wenyewe, ule wa mwanzo. Lakini Shaibu, kama wapiga video wenzake wote mjini, akimaliza kazi mkanda huo huutumia tena. Juu ya Penina alikuwa amerekodi kipaimara cha Hombolo.

Siku tatu alitafuta njia ya kujinasua. Alifikiria kusema panya wameutafuna mkanda. Alifikiria kusafiri. Jumamosi alipanda basi la Chamwino akiwa na ujanja mmoja tu kichwani: aiwahi televisheni ya mzee, aishushe mwanga, labda wasione.

Sebule ilijaa ndugu. "Shikamoo, mzee," alisema Shaibu.

"Marahaba. Endelea tu, baba."

Alichuchumaa mbele ya televisheni, mkono kwenye nobu. Picha ikaja. Bibi harusi asiye na uso aliingia kanisani akiwa ameshikwa mkono na baba yake.

"Ni mimi," alisema Anyesi, mama yake Penina. "Mimi ndiye niliyemwambia amtie weupe. Mwanangu alikuwa mweusi mzuri, nami nikamwonea haya mbele ya wakwe." Akajifunika kanga usoni.

Shaibu aliona ameponea hapo. Kunyamaza tu kungetosha. Aliogopa kuliko siku zote tatu zilizopita.

"Hapana, mama," alisema. "Wewe uliomba kidogo. Televisheni yangu ilikuwa mbovu, sikujua, nikapitiliza. Na mkanda wa mwanzo nimeufuta. Hakuna mwingine."

Mjomba mmoja alisimama, ngumi imekunjwa. Shaibu akafumba macho. Kipigo hakikuja. Alipofumbua, mjomba alikuwa ameketishwa, na Mzee Mazengo mwenyewe yuko kando ya Shaibu, ameshika nobu ya mwanga. Mzee aliizungusha taratibu. Penina akawa wa kijivu, akawa kivuli, kioo kikawa cheusi tii. Shaibu alidhani anazima.

Lakini sauti iliendelea. Ndani ya giza lile Penina alikuwa akimwambia mtu amshikie viatu, vinambana, hata hajui nani alimshauri avinunue. Kisha akacheka mpaka akapaliwa. Anyesi aliiondoa kanga usoni.

"Rudisha nyuma," alisema mzee. "Pale anapoanza kucheka."