Kitufe cha Hapana

Mama yangu ni mbishi, na najivunia ubishi wake. Wapo wanaowaficha mama wabishi. Mimi wangu namtangaza.

Anasuka mikeka nyumbani kwetu Somanga, na wanaopita barabara kuu kwenda Lindi wanaijua mikeka yake ya zambarau inayoning'inia mbele ya nyumba. Lakini sifa zake zilikwenda mbali siku kaka yangu, anayeishi Dar, alipomfungulia ukurasa mtandaoni. Mimi, binti yake niliyeolewa papo hapo kijijini, kazi yangu ilikuwa kushika simu. Yeye alikaa chini, ukindu mapajani, akasuka huku akizungumza: namna ya kuchemsha rangi isichujuke, na umbea wa harusi za zamani kule kwao, milima ya Kipatimu. Watu walimpenda mpaka tukashangaa. Waliandika "shikamoo bibi" kutoka Mombasa na Muscat, naye akaniamuru nimjibu kila mmoja marahaba, hakuna kuruka mtu. Tangu baba afariki nyumba ilikuwa imepoa, na ukurasa ule ukairudishia kelele zake. Asubuhi, hata chai hajanywa, ataniuliza, "Watu wangu wameamka?"

Siku moja tulipofungua simu, ujumbe ukaziba ukurasa wote. Mtandao ulikuwa umebadilisha vigezo na masharti. Chini kulikuwa na vitufe viwili, "Nakubali" na "Baadaye". Nikanyoosha kidole, kama tunavyofanya sote. Vigezo na masharti kwangu ni yale maneno ya mwisho wa tangazo la redio, yanayosomwa mbiombio na mtu anayekimbizwa.

Mama akanishika mkono. "Ngoja. Wanasemaje?"

"Wamebadilisha masharti, Mama. Ni kawaida yao."

"Kwani tulikuwa na masharti?"

"Yapo tangu mwanzo. Kaka aliyakubali."

"Kwa mdomo wa nani? Hebu soma."

Nikasoma. Asubuhi yote ikaishia hapo, maana kila sentensi alitaka niivunjevunje mpaka imwingie. Tukafika mahali palipoandikwa kwamba sura na sauti ya mtumiaji zinaweza kutumika kutengenezea picha na sauti nyingine, bila yeye kuulizwa tena.

"Maana yake," nikamwambia, "wanaweza kumtengeneza bibi mwenye uso wako na sauti yako, aseme wanachotaka wao."

"Hata auze sabuni?"

"Hata sabuni."

Akacheka sana, akaendelea kusuka. Nikasoma sentensi iliyofuata: atakayeendelea kutumia huduma baada ya mwisho wa mwezi, atahesabiwa amekubali. Hapo mikono yake ikasimama.

"Hata akinyamaza?"

"Hata akinyamaza."

"Na kitufe cha hapana kiko wapi?"

Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Hakikuwepo. Ukikataa, njia ni kuufuta ukurasa wenyewe.

Ndipo akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Siku ya ndoa yake, baba yake na sheikh walifika mlango wa chumba alimokuwa amefunikwa kanga, wakamwomba idhini. Akanyamaza, na ukimya wa mwari huhesabiwa ndiyo. Vigelegele vikapigwa.

"Baba yenu alikuwa mtu mwema, sina neno naye," akasema. "Lakini ile ndiyo sikuisema mimi. Na afadhali mimi, mtu alikuja mlangoni akaniuliza."

Nikaielewa harusi yangu mwenyewe. Nilipoombwa idhini, Mama alinifinya paja, akaninong'oneza, "Sema. Wasikie mpaka barazani." Nikasema nakubali kwa sauti mpaka wanaume kule barazani wakakohoa. Shangazi zangu walinuna wiki nzima: bibi harusi gani huyu asiye na haya! Na mimi nilimkasirikia Mama kwa kunitia aibu.

Kaka akapiga simu. "Mama, bonyeza tu. Dunia nzima inabonyeza. Ukikataa utawapoteza watu wako wote."

"Najua," Mama akajibu. "Na kuwapoteza kutaniuma."

Kulimuuma kweli. Siku zilizofuata alisuka kimya, na nikamkuta jikoni anafuta macho kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi wa chungu cha rangi. Sikumbishia.

Siku ya mwisho ya mwezi alivaa kanga mpya, akaniambia nishike simu.

"Wakubwa zangu, shikamooni," akaanza. "Wadogo, marahaba. Nimesomewa masharti mapya, na mimi siyakubali. Kitufe cha hapana hawakuweka, kwa hiyo nasema kwa mdomo wangu: hapana. Mkimwona bibi mwenye uso wangu anauza sabuni, si mimi huyo. Mwenye kutaka kujifunza mkeka aje Somanga, ukindu upo."

Wakamwandikia mengi siku hiyo. Wengine walimlilia, wengine wakamwomba abadili mawazo. Alinitaka nimsomee yote, nasi tukajibu mpaka la mwisho. Kisha nikamwonyesha pa kufutia ukurasa. Nilipotaka kumsaidia akausukuma mkono wangu. Kidole chake kimekakamaa kwa ukindu, na simu haikukisikia. Akakipangusa kwa kanga, akabonyeza tena kwa nguvu, kama anayebandika muhuri.

Kioo kikabaki cheupe.

"Wamesikia?" akaniuliza.

"Wamesikia, Mama."

"Mpaka barazani?"

Mama yangu huyu! Moyo ulinijaa fahari, nikakosa pa kuiweka, nikampigia vigelegele. Nilipiga mpaka pumzi zikaniishia, na jirani akachungulia uani kuuliza anaolewa nani.