Mwaka Ambao Lanty Birkett Alipanda Kwenye Mawe

Lanty Birkett hakuwapenda watu kama mimi, na wala hakuficha. Alituita watu wa mashuka, kwa sababu wenzetu wawili watatu walikuwa wakija wamevaa kanzu nyeupe. Kila tarehe ishirini na moja Juni, siku ndefu kuliko zote za mwaka, tulipanda mlimani kwake alfajiri, tukaingia katikati ya mawe kumi na tisa ambayo watu wa bonde letu huyaita Mashangazi, tukapiga ngoma na kulingoja jua. Nani aliyasimamisha mawe hayo hakuna ajuaye. Ardhi lakini ilikuwa ya kina Birkett, kwa hiyo lango lilikuwa la Lanty.

"Fungeni lango," ndiyo salamu aliyokuwa akitupa. "Na wewe mwenye maua kichwani, jihadhari. Kondoo wangu hawajala bado."

Mkewe Dinah alikuwa mtu wa namna nyingine. Tukishuka tulimkuta na birika kubwa la chai na mkate wa tangawizi, akitaka kujua kama jua limeonekana. Huku kwetu Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, jua ni bahati. Mara nyingi tulipigia ngoma mawingu. Dinah alifariki mwaka 1998. Juni iliyofuata tulishuka tukiwa tumekwisha kujiambia kwamba chai hakuna tena, tukalikuta birika juu ya ukuta wa mawe, limefunikwa kwa taulo. Lanty mwenyewe alikuwa ameshakwenda zake kazini.

Mimi naitwa Freda Askew. Nimepeleka barua katika bonde lile miaka ishirini na sita, na mlango wa Lanty niliujua kama wangu.

Mwaka 2001 ukaja ugonjwa wa miguu na midomo. Njia zote za milimani zikafungwa. Kila lango likawekewa majani makavu yaliyoloweshwa dawa, ukanyage kabla ya kuingia na kabla ya kutoka. Kondoo wa Lanty hawakuugua hata mmoja. Ugonjwa ulikutwa kwa jirani yake, na amri ilikuwa kwamba mashamba yanayopakana na shamba lenye ugonjwa yasibaki na mnyama.

Inabidi uwajue kondoo wa kwetu ili uelewe alichopoteza. Hawafungiwi uzio. Kila kundi lina upande wake wa mlima, na linaujua kwa sababu jike humwonyesha mwanawe: hapa tunajikinga upepo ukivuma, hapa tunakunywa, hapa ndio mwisho wetu, tusivuke. Babu yake Lanty aliyakuta mambo hayo yako hivyo. Ukiwaua wote, sokoni huwezi kununua wengine wanaoyajua.

Ilikuwa Aprili, wakati wa kuzaa. Lanty na mbwa wake Gyp ndio waliowashusha, kwani watu wa serikali wasingeweza. Kondoo wakamfuata vizuri, walivyozoea. Wengine walizaa mle zizini wakingoja zamu yao. Daktari wa mifugo aliyesimamia alikuwa binti kijana kutoka kusini, akashindwa kujizuia, akalia. Lanty akamwingiza jikoni akampa chai, kisha akarudi zizini kusimama na kondoo wake hadi wa mwisho. Jioni bonde zima lilinuka moshi wa mizoga. Lanty alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Baada ya hapo nikawa namkuta amekaa tu. Namkabidhi barua, anaiweka juu ya nyingine ambazo hajazifungua.

"Unakula, Lanty?"

"Nakula."

"Umekula nini?"

"Freda, wewe ulete barua."

Kilichoniumiza zaidi ni Gyp. Kila asubuhi mbwa yule alikwenda langoni akakaa, masikio juu, akiutazama mlima. Saa nzima. Halafu akarudi kumtazama Lanty usoni, kana kwamba yeye mbwa ndiye aliyemkosea bwana wake.

Juni ilipofika, wenzangu wakakubaliana wakutane kwenye maegesho ya magari mjini, wapige ngoma hukohuko. Mimi sikutaka. Tangu mwaka 1974 sikuwa nimekosa hata mara moja, nikaona bora niende nisimame langoni kwa Lanty, nje, nisikanyage ndani, niyatazame Mashangazi kwa mbali. Nikabeba mkate na chupa ya pombe ya tufaha, nikaendesha gari kabla ya saa kumi alfajiri. Juni kwetu, saa hiyo kumeshaanza kuwa kweupe.

Lanty alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wake. Amenyoa ndevu. Amevaa suti nyeusi, ile aliyomzikia Dinah.

"Umependeza," nikamwambia nikiwa langoni. "Unakwenda harusini?"

"Sikutarajia mgeni."

"Ni siku ya jua, Lanty. Siingii. Nasimama hapahapa."

Hapo ndipo nikagundua kwamba Gyp hayupo.

"Gyp yuko wapi?"

"Kwa Agnes." Agnes ni dada yake, anaishi Penrith. "Nimempeleka jana. Kule kuna watoto wa kucheza naye."

Nikatazama juu. Bomba la moshi la nyumba ile halikuwa likitoa moshi. Jiko la jikoni kwa kina Birkett halikuwahi kuzimika, kiangazi wala kipupwe. Dinah alikuwa akijisifu kwamba limewaka tangu enzi za mama mkwe wake. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na kutoka langoni niliiona meza. Barua zote zilizokuwa zimerundikana zimefunguliwa, zimepangwa, na juu yake kuna bahasha moja nyeupe imesimamishwa kwenye kikombe.

Nikakanyaga yale majani yenye dawa, nikafungua lango, nikaingia.

"Nimekwambia uingie?"

"Lanty, unataka kujiua?"

Akawa anautazama mkono wake, anaufungua na kuufumba.

"Nilikuwa nangoja kupambazuke," akasema. "Sikutaka Agnes aamshwe usiku na habari hiyo."

Ningependa kuandika kwamba nilimwambia maneno mazuri. Sikuwa nayo. Nilikaa kwenye kizingiti kando yake, nikasema ukweli: "Sijui la kukwambia. Ila siondoki hapa."

"Nenda kwenye jua lako, Freda. Mlima mzima ni wako. Hakuna cha kuambukizwa tena."

"Basi twende wote."

"Mimi? Nikacheze ngoma na mashuka?"

"Ngoma sina, wala shuka sina. Nina mkate. Nyanyuka."

Mpaka leo sijui kwa nini alinyanyuka. Baadaye aliniambia kwamba alichoka kubishana, na kwamba alidhani nikishapata jua langu nitamwacha. Miaka yote ile hakuwahi kuwa kwenye mawe saa ya mapambazuko; saa hiyo huwa ana kazi. Tukapanda, yeye mbele na viatu vyake vya kanisani, mimi nyuma nahema, sithubutu kumwacha anitangulie hatua tatu.

Mlima ulikuwa kimya. Mwezi Juni mlima ule hupiga kelele usiku na mchana, majike wanaita, wana-kondoo wanajibu. Asubuhi ile tulisikia pumzi zetu tu. Na nyasi zilikuwa zimefika magotini. Kati ya mawe yalikuwa yamechanua maua ambayo sikuwahi kuyaona pale, ya njano na ya zambarau, kwa kuwa hakuna mdomo wa kuyakata. Nilikosa adabu nikasema, "Ona yalivyo mazuri."

"Ni uchafu," Lanty akasema. "Huu ni mlima uliokufa."

Saa kumi na dakika arobaini jua lilipaswa kutokea kwenye pengo kati ya vilele viwili, upande wa kaskazini-mashariki. Halikutokea. Wingu zito lilikaa palepale, likawa jeupe kidogo, basi. Nikakata mkate, nikampa kipande, akakishika bila kula. Kwa kawaida saa hiyo mtu wetu mmoja hutamka maneno ya kulikaribisha jua na kuwataja marehemu wetu. Nikamtaja Dinah. Kisha sikuweza kuendelea, kwa sababu Lanty alikuwa amesogea kwenye jiwe kubwa na sauti ya ajabu ilikuwa ikimtoka.

Kwenye jiwe lile, usawa wa paja, kulikuwa na sufu. Kondoo hujikuna kwenye mawe, miaka nenda miaka rudi, hata jiwe likawa laini mahali hapo. Sufu ya kijivu ilikuwa imenasa kwenye ufa, na nyuzi zake chache zilikuwa na rangi nyekundu, alama ambayo kina Birkett huwapaka kondoo wao.

"Ni huyu," akasema. "Ni yule mzee mwenye pembe moja. Alikuwa anapenda hapa." Akapiga magoti ndani ya suti yake. "Walinifuata, Freda. Nilifungua zizi wakaingia. Hakuna hata mmoja aliyekataa."

Alilia kama mtu anayetapika. Nilimshika mabega, nikaogopa kwamba moyo wake utasimama, nikamshika tu. Alipoweza kusimama alizunguka mawe yote kumi na tisa, akachomoa sufu popote alipoiona, akaijaza mifukoni. Nilimsaidia. Kazi hiyo ilituchukua hadi saa kumi na mbili.

Tuliposhuka nilimpigia simu Agnes, kisha daktari. Lanty hakunizuia, alikaa mezani na mifuko yake imevimba. Ile bahasha niliichukua nikampa Agnes alipofika na Gyp ndani ya gari. Ndani iliandikwa nini, hakuniambia, na sikuuliza. Lanty alilazwa wiki saba.

Sitasema alipona. Msimu wa vuli alinipigia simu akaniambia angetamani nisingepita langoni siku ile, akakata. Nikaenda, nikakaa naye jikoni hadi jioni. Hali hiyo ilijirudia mara nyingi.

Mwaka uliofuata alinunua majike themanini kutoka bonde jingine. Hawakuujua mlima. Usiku mmoja tu, wote walikuwa wameshashukia upande wa pili, barabarani. Basi Lanty akafanya kile ambacho watu wa kale walifanya kabla yake: akasimama mlimani yeye mwenyewe, kila siku, mvua na theluji, akiwarudisha kwenye mpaka mmoja baada ya mwingine, yeye na Gyp, miaka mitatu. Mara nyingi nilimwona kutoka barabarani, kitone cheusi juu kule, nikasimamisha gari hadi nione kimesogea. Juni ya kwanza watu wetu waliporudi, alipita kati ya ngoma zetu akimfukuza jike mkaidi, hata hakugeuza shingo.

Alikufa kitandani mwaka 2010, kwa moyo. Siku chache kabla ya hapo nilimpelekea barua, akaniambia kwamba jike mmoja, mzaliwa wa palepale, amemrudisha mwanawe mwenyewe kutoka mpakani, bila mbwa, bila mtu. Alinisimulia mara mbili. Halafu akaniuliza kama nina barua nyingine, maana nilikuwa nimesimama tu.