Nilikwenda Isiolo Kukataa

Sikwenda Isiolo kutembea. Nasema hivi mapema kwa sababu tangu nirudi, akina mama wa kanisani wananiuliza kama nilimwona simba, kana kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kuacha kahawa ikiiva mitini akapande basi kwenda kutazama simba. Nilitumwa. Ndugu yangu Karanja alikuwa amepata habari kwamba binti yake Wanja, mwalimu wa shule ya msingi aliyepelekwa kufundisha Isiolo, anataka kuolewa huko huko. Mchumba ni Mborana, Mwislamu, dereva wa kubeba watalii. Karanja hakupiga kelele. Alishinda akichonga mpini wa jembe ambalo halikuwa limevunjika, kisha akaniita.

"Nenda ukaone," akasema. "Ukirudi ukisema hapana, ni hapana."

Alijua anamtuma nani. Mama yake Wanja alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na ni mimi niliyembeba mgongoni hapa Kerugoya mpaka akajua kutembea. Mimi sikujaliwa kuzaa. Huyo ndiye mtoto wangu. Kwa hiyo hapana yangu niliifunga mapema pamoja na nguo. Nilichokwenda kutafuta ni sababu za kuitetea.

Karatina, asubuhi. Basi lilikuwa limeandikwa maneno ya Mungu mbele na limepasuka kioo nyuma. Tuliuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa Naro Moru na Nanyuki, na mpaka hapo sikuwa na neno, kwa maana kuna watu, kuna mvua, kuna viazi. Timau kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na mashamba ya ngano yamenyooka mpaka macho yanachoka. Baada ya hapo barabara ikaanza kuteremka, na kila kona tuliyopinda ilikula kijani kidogo. Abiria wakavua sweta. Mama mmoja Mmeru aliyebeba kabichi akaanza kuzipepea kwa gazeti, na nikaelewa kwamba tunakwenda mahali ambapo kabichi huhurumiwa.

Isiolo, mchana. Kwanza ulinipokea upepo, na katika upepo kulikuwa na mchanga, na katika mchanga kulikuwa na mbuzi. Mji ni barabara moja yenye maduka yaliyojipanga pande zote mbili, msikiti, kituo cha petroli, na upande wa kaskazini kizuizi cha polisi, ambapo kila gari linaloendelea mbele husimamishwa kama linavuka kwenda nchi nyingine. Kwenye kituo cha petroli vijana walinizunguka wakiniuzia bangili za shaba. Niliwaambia mimi si mzungu. Wakasema bei ya Mwafrika ipo.

Wanja alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Alikuwa amekonda na amependeza, mambo mawili ambayo sikutaka kuyaona pamoja. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la mzee Hassan, Msomali ambaye babu yake alikuja na jeshi la Waingereza na hakurudi kwao tena. Mzee huyo aliniamkia vizuri, akaniletea kiti, kisha akaniuliza jambo ambalo sijalisahau.

"Karibu, mama. Habari ya Kenya?"

"Kenya gani?" nikamuuliza. "Na hapa ni wapi?"

"Hapa ni Isiolo," akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa.

Niliangalia nje. Hata mlima wetu, wenyewe wanauona kwa nyuma. Nikaweka hiyo kuwa sababu ya kwanza.

Siku iliyofuata, kwenye mbuga. Mchumba mwenyewe, Guyo, alikuja kutuchukua, mimi na Wanja, na Land Rover ya kazini kwa ruhusa ya tajiri wake. Ni kijana mrefu, msafi, anayesikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu, na nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa mlevi. Tulipita kizuizi, tukaingia barabara ya mawe yenye mikunjo iliyotikisa meno yangu hata yale ambayo hayapo. Shida yote hiyo ni ya kwenda kuwaona wanyama. Huku kwetu tembo akishuka kutoka msituni tunapiga mabati na madebe ili atuachie mahindi. Kule watu wamepanda ndege kutoka Ujerumani kuja kumsabahi. Tuliona twiga, akitutazama chini kama mwalimu mkuu anayetafuta aliyechelewa. Tuliona choroa, na punda milia wenye mistari myembamba, na swala wa shingo ndefu anayesimama kwa miguu miwili kula majani, mnyama ambaye nadhani aliumbwa Jumamosi jioni.

Kisha tukafika kwenye chemchemi. Lazima niseme ukweli: maji yale ni mazuri. Yanatoka chini ya ardhi katikati ya jangwa, safi kiasi cha kuona kokoto, na mikoma imesimama kuyazunguka. Wameyajengea ukuta wa mawe, na ndani ya ukuta wazungu walikuwa wanaogelea wakiwa karibu uchi, wakipiga kelele za watoto.

"Babu yangu alinyweshea ng'ombe hapa," Guyo akasema.

"Na sasa?"

"Sasa mimi nawaletea hawa."

Alisema bila uchungu, au uchungu aliuficha kwa ustadi. Mimi ndiye niliyeona uchungu kwa niaba yake. Nchi yenye kiu imeshika maji yake mazuri kabisa na kuyafanya birika la kuogea wageni! Nikiwa bado nalaani, mama mmoja wa kizungu akatoka majini akichuruzika, akachukua kamera, akanielekezea mimi. Nikamwambia Guyo amweleze kwamba mimi pia ni mgeni, na kama anataka picha ya mwenyeji, twiga wako wengi.

Wakati wa kurudi mbuni wawili walikatiza mbele ya gari, dume akiwa na miguu ya rangi ya buluu kama amevaa soksi za shule. Guyo akanionyesha kwa kidole. Tulipoendelea kidogo akasema, "Jioni twende nyumbani. Mama atakukaangia buna."

Mimi nilisikia mbuni. Njia nzima niliwaza jinsi watakavyomkaanga ndege yule, na sufuria ya ukubwa gani, na kama miguu ile ya buluu hupewa mgeni kwa heshima. Guyo aliposhuka kununua sukari, nikamwuliza Wanja.

Mtoto alicheka mpaka akajishika ubavu. "Buna, tata! Kahawa!" Tata ndivyo tunavyomwita shangazi. Akanieleza kwamba Waborana huchukua kahawa kavu, nzima na ganda lake, wakaikaanga kwa samli, wakaitafuna.

"Yaani mbuni!" nikasema. Wasomaji wa nyumbani hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme: huku kwetu mbuni pia ni kahawa iliyokaukia mtini au iliyokataliwa kiwandani, ile inayoanikwa peke yake pembeni kwa aibu. Hicho ndicho walichotaka kumlisha mkulima wa kahawa.

Wanja akaacha kucheka. "Kuna jambo, tata. Kwao buna ndiyo posa. Kwa kawaida wanaileta kwa kina msichana, lakini wewe ndiye umekuja. Mama yake Guyo akiikaanga kwa ajili yangu nawe ukila, mambo yamekwisha. Baba yake Guyo yuko na ngamia huko Korbesa. Amesema atakalosema mama ndilo."

Nilifurahi. Sikuhitaji tena sababu wala maneno. Ningeletewa bakuli, ningelisukuma kwa mkono mmoja, basi.

Nyumbani kwa mama Guyo, jioni. Ni mama mwembamba, amejitanda leso nyeusi, ana macho ya kupima mifugo. Alinipima kutoka kichwani mpaka viatuni, na nilimwona akifika kwenye viatu. Tuliketi mkekani. Ikaja chai ya maziwa yaliyofukizwa moshi, ambayo ina ladha ya nyumba iliyoungua. Ikaja nyama. Ikaja chai tena. Mimi nikawa naangalia mlango nikisubiri bakuli langu la kukataa. Guyo naye aliangalia mlango. Wanja aliangalia mkeka.

Bakuli halikuja. Ndipo nikaelewa. Yule mama hakuwa na nia ya kukaanga chochote. Mimi, niliyesafiri mpaka huku nikila vumbi, nilikuwa ninanyimwa mbuni.

"Mama Guyo," nikasema, "kijana wako aliniambia kuna buna."

"Buna iko," akajibu. "Iko mingi. Ile ya mgeni nitakupa kesho ukienda. Lakini ile ya msichana, hapana."

"Kwa nini?"

"Hii msichana ni mzuri. Anafundisha watoto, anasalimia watu. Lakini hajui kukamua. Ng'ombe ikimuona, inakimbia. Tena anasema ataslimu. Nimemuuliza, kwa sababu gani? Anasema kwa sababu ya Guyo. Sasa akigombana na Guyo, atagombana na Mungu pia?"

Hayo ya dini ndiyo niliyokuwa nimepanga kusema mimi, karibu neno kwa neno, na nilichukia sana kuyakuta kinywani mwake.

"Na nyinyi watu ya Kenya mnapenda shamba," akaendelea. "Mtavuta kijana yangu huko kwenu, ashike jembe, akule majani kama mbuzi. Wewe mwenyewe umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kusema hapana."

"Basi tumesikizana." Akatabasamu kwa mara ya kwanza, akanimiminia chai.

Guyo aliweka kikombe chini taratibu. Wanja hakulia. Aliinua macho akaniangalia, na aliniangalia mimi, si yule mama. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani akianguka, kabla hajaamua kama ameumia. Roho iliniuma, siwezi kuficha. Ningerudi nyumbani na hapana yangu, na mtoto ningemwacha huku akinikumbuka kwa jicho hilo. Na juu ya uchungu ikaja hasira: huyu ni nani, anayeishi mahali ambapo kabichi hupepewa, hata amkatae mtoto wangu mbele yangu?

"Hatujasikizana," nikasema. "Mimi nikikataa, ni haki yangu, mtoto ni wangu. Wewe ukimkataa, umenikataa mimi niliyembeba mgongoni. Hajui kukamua? Ng'ombe wenu wana chuchu nne kama wetu. Atajifunza."

"Na dini?"

"Dini atafundishwa na nani kama si wewe? Ikibaki kuwa ya Guyo tu, makosa ni ya mwalimu."

Niliyasikia maneno hayo yakitoka nikashtuka. Mimi ni mweka hazina wa umoja wa akina mama, na natumaini pasta hasomi masimulizi ya safari.

Mama Guyo alinipima tena, na safari hii hakufika kwenye viatu. "Wewe ungezaliwa huku," akasema mwishowe, "ungekuwa na ngamia mingi. Sasa bado ni hapana?"

"Lete buna," nikasema.

Aliikaanga mbele yetu. Samli ilichemka, punje zikapasuka moja moja, na harufu, wacha niwe mkweli tena, ilikuwa nzuri. Nilichukua punje moja nikaitazama. Imekaukia mtini, ina tundu la mdudu.

"Hii kwetu tunaitenga pembeni," nikamwambia.

"Na ile nzuri?"

"Inakwenda Ulaya."

"Nyinyi mnakula?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akanisogezea bakuli.

Nikatafuna. Ganda ni gumu, samli ni nyingi, na ladha yake sikuipenda siku ile na siipendi leo. Nikameza. Yule mama akaomba dua kwa Kiborana, kisha akanipaka samli kwenye paji la uso bila kuniomba ruhusa. Wanja ndiye aliyelia, sasa ambapo hapakuwa na haja.

Safari ya kurudi. Basi liliondoka asubuhi na mapema, na kila tulivyopanda ndivyo nilivyopumua. Nilichojifunza ni kidogo. Nimejifunza kwamba mji ule una vumbi, kwamba chai yao ina moshi, na kwamba mtu akienda mbali akiwa amebeba dharau, asidhani ni yeye peke yake aliyeibeba. Kule nako wanayo, tena iliyoiva.

Kerugoya, jioni. Karanja alikuwa amekaa nje akinisubiri. Hakuniuliza habari za barabara.

"Umesemaje?"

"Nimekubali."

Alinitazama kama nimeuza shamba lake. "Nilikutuma ukatae."

"Nilikataa. Nikamkuta yule mama amekataa kabla yangu."

"Amekataa nini?"

"Ametukataa sisi. Anasema Wanja hajui kukamua. Anasema tunakula majani kama mbuzi."

Nilimwona akiyarudia maneno hayo midomoni bila sauti.

"Sisi?"

"Sisi."

Akasimama, akaingia ndani, nikamsikia akifungua sanduku la nguo za Jumapili.

"Hilo basi la Isiolo," akaita kutoka ndani, "linatoka Karatina saa ngapi?"