Kovu Lililofukiwa Udongo

Saa moja asubuhi, Fundi amepiga magoti chini ya mchungwa, anaondoa udongo shinani kwa mikono. Huko chini gome linabonyea kama embe bovu, gundi ya kahawia inachuruzika, na harufu ya uchachu inapanda. Mama mkwe wake, mwenye shamba, amesimama nyuma yake na ndoo ya maji.

"Nisamehe, mwanangu," anasema mama. "Miche yako mizuri, nimeiua mimi. Sijui hata nakosea wapi."

Fundi anaendelea kufukua. Mama anakwenda kumwagilia mboga.

Wanamwita Fundi kwa sababu ya kazi yake ya kubebesha miche. Huchukua kijiti cha mchungwa mtamu akakipachika kwenye shina la mdanzi, yaani mchungwa mchungu, ambalo huvumilia ukungu wa udongoni. Vinapoungana hubaki kovu, na kovu hilo ndilo lililomponza.

"Wateja walikuwa wanalikataa," anamwambia mwandishi wa makala haya kwa sauti ya chini. "Mtu anatazama anasema, huu umevunjika, nipe mwingine. Nikawa nalifukia. Wakiuliza, nawaambia kapandeni hivyohivyo, udongo ukiwa juu mti unapata nguvu. Uongo mtupu, ndugu mwandishi. Nilitaka kuuza tu."

Mchungwa mtamu hauna uvumilivu wa mdanzi. Kovu likifukiwa, gome lake linakaa kwenye unyevu, ukungu unaingia, shina linaoza, majani yanakuwa njano. Bwana shamba alipomweleza hayo mwaka jana, Fundi alirudi nyumbani akalala bila kula.

Tangu hapo anazungukia wateja wake bila malipo. Anafukua hadi kovu lionekane, anakwangua gome bovu mpaka afikie lililo hai, anapaka dawa ya shaba, kisha anachoma vipande alivyokwangua mbali na miti. Anawasihi maji yasituame shinani. Wengi wamempokea vizuri. Mmoja alimtoa mbio na ufagio, na Fundi anasema alistahili.

Hapa kwa mama mkwe amepaacha mwisho.

"Ufagio nitaukimbia," anasema. "Mkwe nitamkimbia niende wapi?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama anaporudi, Fundi anasimama, macho chini.

"Mama, hukukosea wewe. Mimi ndiye niliyekwambia ufukie shina. Nilikuwa naficha kovu."

Mama anatua ndoo. Mwandishi naye anaona haya, anajifanya kutazama majani.

"Msimu mzima nalala najilaumu," anasema mama. "Na wewe unakuja, unakula kwangu, unasikia naomba radhi, unanyamaza?"

"Ndiyo, mama. Nimeona aibu."

"Aibu yako ukanibebesha mimi." Anautazama mti. "Utapona huu?"

"Huu umeoza pande zote. Ile mingine ambayo gome lake bado lina upande mzima, nikiitibu leo itapona."

Fundi anaeleza mpango wake: kila mche utakaotoka kitaluni kwake utafungwa kitambaa chekundu kwenye kovu, mnunuzi ajue udongo unaishia chini yake. Na miche ya kwanza ataileta hapa.

"Ilete," anasema mama. "Ila safari hii nitapanda mwenyewe, kovu liwe nje kila mtu alione. Wewe utachota maji."

Anamsogezea ndoo. Fundi anaipokea kwa mikono miwili.