Kuvu Niliowaua Mwenyewe

Mimi ni bwana shamba huku Lufingo, na msimu huu nimeumbuka. Nilileta unga wenye kuvu wazuri wa udongo, wanaoshikamana na mizizi ya mahindi na kuisaidia kufyonza maji na chakula. Niliwaonyesha wakulima namna ya kuupaka kwenye mbegu, nikapanda shamba langu la mfano. Mahindi yangu yakadumaa. Nikawaambia watu kwamba udongo wa pale umechoka.

Wiki iliyopita nikawapeleka wakulima kwa Mama Tumpe, mjane tunayepakana naye mashamba. Alitumia unga uleule, na mahindi yake yamenipita kimo, majani mapana, kijani cha kupendeza. Nilimvulia kofia kwa dhati, nikamwomba atueleze siri yake.

“Nimefuata mafundisho yako,” alisema kwa upole. “Ila nilipanda mbegu zangu za nyumbani. Pakiti ya zile za dukani imeandikwa kwamba ile rangi nyekundu ni dawa ya kuua kuvu. Zako, mwanangu, si zilikuwa nyekundu?”

Zilikuwa nyekundu, na wote waliokuwa pale waliniona nikizipanda.